Lubondja: kutoka hongo hadi barieri

Ndugu wakaaji wa Lubondja, na ninyi mliokimbilia Fizi ao Baraka, neno hongo tunalolitumia leo kwa rushwa, wazee walilijua kwa kazi nyingine. Misafara ya pembe za ndovu, iliyopita Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika, ililipa hongo kwa machifu, nguo na shanga, ndipo njia ifunguke. Haikuwa siri. Novemba 1871 Stanley, akipita Uha kumtafuta Livingstone, alilipa mara kwa mara mpaka akaamua kutoroka usiku asikamuliwe tena.

Wabelgiji walibadilisha mlipaji. Badala ya msafara tajiri, mkulima akatozwa kodi ya kichwa kwa pesa, na asiyekuwa nayo akaifuata kwenye kibarua. Kuhama eneo kukahitaji ruhusa ya maandishi. Barabara zenyewe zilichimbwa kwa mikono ya wanavijiji.

Mwaka 2017 watafiti wa shirika IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu zote mbili. Nyingi hazikuwa za makundi yenye silaha. Watu wa serikali walikuwa na sehemu kubwa zaidi.

London nayo hulipisha magari yanayoingia katikati ya mji, tangu Februari 2003, ili foleni ipungue. Huku kwetu foleni iko wapi? Anayelipa ni mama mwenye beseni la mihogo, na motari ambaye, tukubali, anairudisha gharama kwa abiria.

Tuweke mfano wa barieri nne, franka 500 kila moja. Kwenda na kurudi ni franka 4000. Linganisheni wenyewe na malipo ya siku moja ya kulima. Aliyekimbilia Baraka, shamba lake likibaki Lubondja, anapiga hesabu hiyo kabla ya kuamka. Akiona hasara, anabaki mjini kutafuta kibarua cha kubeba mizigo, na hapo wabebaji wakiwa wengi, mwenye mzigo ndiye anapanga bei. Kule juu mihogo inaozea ardhini kwa kukosa mikono, na familia ileile inanunua unga sokoni.

Chifu wa zamani, akishapokea nguo zake, msafara ulipita katika inchi yake. Siku hizi unalipa hapa, na kabla vumbi halijatulia unaona kamba nyingine mbele.