Modeli ya mandhari

Modeli ya mandhari ni umbo dogo la sehemu ya nchi, kama vile mlima au bonde, linalotengenezwa kwa skeli maalumu. Hutumika kufundishia jiografia, katika makumbusho na katika mipango ya ujenzi. Ikiongezewa nyumba, miti na watu ili kuonyesha tukio fulani, huitwa diorama. Makala hii inaeleza ujenzi wa msingi na ardhi ya modeli kwa kutumia mfano wa Mlima Kilimanjaro.

Skeli

Katika skeli ya 1:100,000, sentimita 1 ni kilomita 1. Kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo ni takriban kilomita 30, yaani sentimita 30. Moshi iko karibu na mita 800 juu ya usawa wa bahari na Kibo hufikia mita 5,895. Tofauti hiyo huwa sentimita 5 tu, na mlima huonekana umelala. Kwa hiyo kimo huzidishwa mara mbili. Jambo hilo liandikwe kwenye kibao cha modeli, la sivyo mtazamaji ataamini kwamba mteremko ni mkali kuliko ulivyo.

Nyumba hazionekani katika skeli hiyo. Diorama ya kihamba huhitaji skeli kubwa zaidi: katika 1:72, mgomba wa mita 4 huwa na takriban sentimita 5.6.

Msingi

Plaiwudi ya milimita 12, yenye sentimita 60 kwa 50, inatosha. Ubao mwembamba hupinda plasta inapokauka. Ili kuzuia hilo, mbao hugongelewa chini yake na pande zote mbili hupakwa rangi kwanza.

Tabaka

Mistari ya kontua ya kila mita 200 hunakiliwa kutoka kwenye ramani na kukatwa kwenye maboksi ya karatasi. Boksi la unene wa milimita 4 hulingana na mita 200 zilizozidishwa mara mbili. Kuanzia mita 1,000 hadi 5,800 hupatikana tabaka 25. Kila kipande huandikwa kimo chake kabla ya kugandishwa. Juu ya tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi tabaka hugawanyika. Zile za Mawenzi hukoma kwenye mita 5,000, kwa kuwa kilele chake kina mita 5,149.

Ngazi za maboksi hufunikwa kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi, kisha kwa plasta nyepesi. Kasoko ya Kibo, yenye upana wa takriban sentimita 2.5, hubonyezwa plasta ikiwa bado laini.

Ardhi na rangi

Vumbi la msumeno lililotiwa rangi na mchanga uliochekechwa hugandishwa kufuata kanda za mlima. Mipaka ya kanda ni ya kukadiria:

- mita 800–1,000: nyika, rangi ya kahawia
- mita 1,000–1,800: vihamba vya migomba na kahawa, kijani angavu
- mita 1,800–2,800: msitu, kijani kizito
- mita 2,800–4,000: vichaka na nyasi, kijani cha kijivu
- mita 4,000–5,000: jangwa la mlimani, mchanga mtupu
- juu zaidi: mawe, majivu ya volkeno na barafuto

Kosa la kawaida ni kupaka kilele chote rangi nyeupe. Barafuto za Kilimanjaro zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Kwa hiyo modeli hutajwa mwaka inaouonyesha, au hutengenezewa vilele viwili vya kubadilisha: kimoja cha 1912 na kingine cha sasa.