Mwanamke Aliyenakili Majabali ya Kondoa

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Babati, akishaupita mji wa Kondoa, hufika Kolo. Juu huko, katika majabali yanayolitazama Bonde la Ufa, mna picha nyekundu za watu warefu wembamba, twiga, tembo na swala, kazi ya wawindaji wa kale. Umri wake si chini ya miaka elfu mbili, na wataalamu wengi huzihisabu kuwa za kale zaidi. Wakulima waliokuja baadaye nao walichora zao kwa rangi nyeupe.

Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey alipiga kambi katika nchi hiyo. Wengi wetu twamjua kwa fuvu la Olduvai la 1959 na nyayo za Laetoli za 1978. Ni wachache wajuao kuwa mkate wake wa kwanza aliupata kwa kalamu, kwa kuchorea vitabu vya watu.

Alizaliwa London mwaka 1913, na baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji. Huyo baba ndiye aliyempeleka mapangoni huko Ufaransa, akaziona picha za watu wa kale angali mtoto. Baba alifariki 1926. Shuleni hakukaa, alifukuzwa zaidi ya mara moja, wala hakupata shahada ya chuo katika ujana wake. Lakini mkono wake ulikuwa na ukweli. Alichora vyombo vya mawe kwa ajili ya kitabu cha Bibi Caton-Thompson juu ya Fayum ya Misri, na kwa njia hiyo akajuana na Louis Leakey, akamchorea *Adam's Ancestors*, kilichotoka 1934. Leakey wakati huo alikuwa na mke wake, na jambo hilo lina hisabu yake pengine. Walioana 1936.

Huko Kondoa kazi yake ilikuwa ya subira. Hutandaza karatasi nyembamba yenye kupenyeza mwanga juu ya jiwe, akafuata mistari, kisha akaichora upya kwa udogo na kwa rangi yake. Alizuru mahali 186, akanakili 43 tu, kwa kuwa kwengine picha zilikuwa zimefifia mno. Hata hivyo alipata sura zipatazo 1,600. Mimi namsifu kwa hizo alizoziacha kama nimsifuvyo kwa alizozichukua. Sisi tuliosikia khabari za waandishi wa misahafu wa Siyu twajua kuwa mwenye kunakili huaminiwa kwanza kwa kutoongeza.

Maelezo yake ni jambo jengine. Kuna picha mashuhuri Kolo ya mtu wa katikati ameshikwa na wengine huku na huku. Bibi Leakey aliona ni mwanamke anayegombaniwa. Waliokuja nyuma yake wakasema ni watu katika ngoma ya uganga. Ugomvi huo haujesha, lakini pande zote mbili huurudia mchoro.

Wako watakaosema: picha za viumbe zatuhusu nini, na huko Mungomi wa Kolo watu hufanya matambiko, wakarushia pombe mawe yenyewe? Tambiko tutalikataa. Jiwe halina kosa. Warangi wa Kondoa wengi wao ni ndugu zetu katika dini, na majabali hayo ni ya nchi yao. Tukiyadharau sisi, nani atawaambia watoto wao wasiyachore majina?

Kitabu chenyewe, *Africa's Vanishing Art*, kilitoka 1983, miaka 32 baada ya kambi ile. Ni cha Kiingereza, kimechapwa ng'ambo. Humo, na katika maandishi mengine, alikiri kuwa mawe na mifupa havikupata kumweleza maisha ya watu kama picha zile zilivyomweleza. Alifariki Nairobi Desemba 1996. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Jua, upepo na maji ya mvua bado vinaifikia.