Kinywa Kisichofunguka: Ishara na Usemi katika Historia ya Machinima

Uhakiki wa tamthilia umezoea kuuchukulia mwili wa mwigizaji kama mtumishi wa neno: mhusika husema, nao uso na mkono huthibitisha lile lisemwalo. Machinima, yaani filamu zinazotengenezwa ndani ya michezo ya kompyuta, iliupindua uhusiano huo. Humo miondoko hutangulia, mara nyingi ikiwa imebuniwa kwa ajili ya vita, kisha usemi huja kutafuta mwili wa kuukalia.

Katika Diary of a Camper (1996), iliyotengenezwa ndani ya Quake na kundi la wachezaji lililojiita Rangers, wahusika walijua kukimbia, kuruka, kupiga risasi na kufa, hawakujua kusema. Mazungumzo yaliandikwa kwenye skrini, na hivyo neno na ishara zikakaa mbalimbali kama katika sinema bubu.

Hatua iliyofuata haikutokana na kukifungua kinywa bali kukificha. Red vs. Blue, iliyoanza mwaka 2003, ilitumia askari wa mchezo wa Halo ambao nyuso zao zimefunikwa na kofia za chuma. Msemaji hutikisa kichwa, msikilizaji hutulia. Aidha, kasoro ya mchezo wenyewe iligeuzwa kuwa mbinu: askari mwenye bastola alipoelekezwa kutazama chini, wengine walimwona ametazama mbele huku silaha imeshuka. Kwa njia hiyo mwili uliobuniwa kuua ukapata mkao wa kuongea. Katika Halo 2 (2004) wabunifu waliongeza amri mahsusi ya kushusha silaha. Kasoro ikawa kanuni.

Mwaka huohuo, Half-Life 2 ilileta programu ya Faceposer. Sauti iligawanywa katika fonimu, kila fonimu ikapewa umbo lake la mdomo, na misuli ya uso ikaongozwa na uainishaji uliotokana na utafiti wa Paul Ekman. Ni rahisi kudai kwamba hapo ndipo historia hii ilipofikia ukomavu wake.

Dai hilo linatiliwa shaka na The French Democracy ya Alex Chan (Novemba 2005), iliyotungwa ndani ya mchezo wa The Movies kufuatia vifo vya vijana wawili huko Clichy-sous-Bois tarehe 27 Oktoba 2005. Mandhari ya Kimarekani yalilazimishwa kuwa Paris. Miondoko ilikuwa ile ya akiba ya mchezo. Usemi ulikuwa maandishi tu. Hata hivyo, kutolingana huko kunaafiki maudhui: hawa ni watu wanaosemewa na wengine, waliopewa ishara ambazo hawakuzichagua.

Fanani wa ngano humwigiza fisi na sungura kwa mwili mmoja, na hadhira haimdai mdomo wa fisi. Yadhihirika basi kwamba uwiano wa ishara na usemi si suala la ufundi pekee. Ni mkataba baina ya mtunzi na hadhira, na thamani yake hupimwa kwa kile ambacho hadhira imekubali kukijaza.