Japani: sarafu za majaribio zenye hazikuingia sokoni

Mbele ya kutoa feza mpya, serkali inatengenezesha kwanza sarafu chache, wakubwa waziangalie. Zikipendwa, kiwanda kinaanza kazi. Zikikataliwa, zinabaki kwenye sanduku. Hizo ndizo sarafu za majaribio. Za Japani, tangu enzi ya Meiji (1868-1912) mpaka 1945, zinatafutwa sana na wakusanyaji.

Kazi ilianzia wapi?

Kiwanda cha sarafu cha Osaka kilifunguliwa mwaka wa 1871, na mashini zilizonunuliwa kutoka kiwanda cha Hong Kong chenye kilikuwa kimefungwa. Mwaka huo huo yen ikawa feza ya inchi. Serkali ilifikiri kuchongesha mihuri Uingereza, lakini ufundi wa Kano Natsuo, mchongaji wa mapambo ya panga, ulionyesha kwamba kazi inaweza kufanyika kwao. Sura ya mfalme haikuwekwa, sababu ilionekana ni kumkosea heshima. Wakaweka joka.

Vita na udongo

Vita vya pili vya dunia vilimaliza vyuma. Sarafu ya sen 1 ilitoka kwenye aluminiamu, ikaenda kwenye bati mwaka wa 1944. Mwaka wa 1945 wakajaribu udongo wa kuchomwa, kama wa vikombe, kule Kyoto, Seto na Arita. Ile ya sen 1 ina mlima Fuji. Vita vikaisha mbele haijatolewa, ikaamriwa zivunjwe. Zenye ziliponyoka ziko kwa wakusanyaji leo.

Mnunuzi ajihazari na nini?

Feza bandia ni nyingi. Yen 1 ya kawaida ya Meiji ina uzito wa gramu 26,96, na asilimia 90 ni feza safi, sumaku haiivuti. Lakini kwa sarafu ya majaribio mizani peke yake haitoshi, sababu zingine zilipigwa kwa chuma kingine. Hapo lazima kulinganisha herufi, joka na ukingo na zile za makumbusho ya kiwanda cha Osaka, ao kumuonyesha mjuzi mbele ya kulipa.

Tena, hapana kuisugua ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa inapoteza bei, na alama za mchongaji zinafutika. Alama hizo ndizo ushahidi wa kwamba ni ya kweli.