Masasisho ya Kompyuta Isiolo: Kutoka Modemu hadi Bando

Huduma rasmi ya kusambaza masasisho ya Windows kwa intaneti ilianza mwaka 1998, pamoja na Windows 98. Kadiri masasisho yalivyozidi ukubwa ndivyo yalivyohitaji laini ya haraka na stima isiyopotea. Katika mji kama Isiolo, nchini Kenya, fundi wa kompyuta alilazimika kuyafanikisha bila uhakika wa yote mawili.

Agosti 2004 ilitoka Service Pack 2 ya Windows XP, furushi la takriban MB 266. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kulipakua kungechukua zaidi ya saa 10, laini isipokatika hata mara moja. Wakati huo Kenya ilikuwa bado inategemea setilaiti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Basi kabla ya hapo njia nyepesi ya kuokoa pesa ilikuwa kuzima masasisho kabisa, na si haki kumlaumu aliyefanya hivyo.

Hata hivyo, gharama yake ilikuwa kubwa. Oktoba 2008 Microsoft iliziba tundu moja la Windows. Mwezi uliofuata kirusi cha Conficker kikaanza kuingia kwenye mashine ambazo hazijazibwa, na baadaye kikasafiri hata kwa flashi. Februari 2010 mambo yaligeuka: sasisho la XP liligongana na kirusi cha Alureon kilichokuwa kimejificha ndani ya mashine, zikaangukia skrini ya buluu. Wenye mashine walilaumu sasisho, kumbe ugonjwa ulikuwamo tayari.

Windows 10 ilipokuja Julai 2015, toleo la nyumbani halikumpa mtumiaji ruhusa ya kukataa masasisho moja kwa moja. Kompyuta iliyounganishwa na simu iliweza kumaliza bando kimyakimya, isipokuwa mwenyewe ameiambia Windows kwamba data yake inapimwa. Bando likiisha au diski ikijaa katikati ya kazi, sasisho hukwama. Stima nayo ikipotea, laptopu ya "ex-UK", yaani ya mitumba kutoka Uingereza, yenye betri iliyochoka huzimika papo hapo, na ikiwashwa hukaa kwenye asilimia ileile au huanza kurudisha mabadiliko nyuma.

Dawa ya kwanza si kufomati. Wengi wamepoteza picha za familia na vitabu vya hesabu za duka kwa haraka hiyo. Fundi makini hunakili kwanza mafaili ya mteja, huachia nafasi kwenye diski, husimamisha huduma ya masasisho, hubadilisha jina la folda ya SoftwareDistribution inayohifadhi masasisho yaliyopakuliwa, kisha huiwasha huduma upya ili upakuaji uanze safi. Mashine isipowaka, hujaribu hali salama na kuliondoa sasisho la mwisho.

Zipo hitilafu ambazo hata hayo hayakuzitibu. Januari 2024 sasisho KB5034441 lilitoa namba ya hitilafu 0x80070643 kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa kwa uokoaji ilikuwa ndogo mno. Ilibidi kuipanua kwa mkono.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, za Intel zikianzia takriban kizazi cha 8, hivyo laptopu nyingi za mitumba hazikidhi masharti. Wenye nazo walibakiwa na njia kama masasisho ya usalama ya nyongeza, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani yalipangwa kudumu hadi Oktoba 2026, au kuhamia Linux.