Utomvu na Saini: Kalamu za Urushi kutoka Dejima hadi Hallonbergen

Mwezi wa Januari hewa iliyomo ndani ya nyumba za Hallonbergen hukauka kiasi cha kupasua midomo. Baridi ya nje haibebi mvuke mwingi, na hewa hiyo ikishaingia ndani na kupashwa joto hubaki kavu kama ya jangwani. Kwa mkazi wa kawaida wa kitongoji hiki cha Stockholm, dawa yake ni mafuta ya kujipaka. Kwa fundi anayepamba kalamu za wino kwa urushi, utomvu wa Kijapani, hali hiyo ni tatizo la msingi. Kalamu aliyoipaka jana akiiacha mezani, leo ataikuta mbichi vilevile, na kesho pia. Urushi haukauki kama rangi ya maji inavyokauka. Hugeuka kuwa mgumu kwa kunywa unyevu.

Kwa hiyo fundi wa Hallonbergen hana budi kutengeneza hali ya hewa yake mwenyewe. Huchukua sanduku, huweka ndani yake kitambaa kilicholoweshwa na chanzo kidogo cha joto, akasubiri kipimo kifike nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 70 au zaidi kidogo, ndipo aiingize kalamu. Wajapani huliita kabati la namna hiyo furo, neno lilelile wanaloliita bafu la maji moto. Msomaji wa Zanzibar anaweza kutabasamu hapa: hewa anayoijenga fundi huyo kwa taabu ndani ya sanduku haiko mbali na ile inayoingia bure kupitia madirisha ya Mji Mkongwe.

Utomvu wenyewe hutoka katika mti ambao wataalamu wa mimea huuita Toxicodendron vernicifluum. Ndani yake mna mafuta yaitwayo urushioli na kimeng'enya kiitwacho lakasi. Mwaka 1883 mkemia Hikorokuro Yoshida alieleza kwamba ugumu wa urushi hutokana na kazi ya kimeng'enya hicho kikisaidiwa na oksijeni na unyevu, na maelezo yake yamo miongoni mwa kurasa za mwanzo kabisa za historia ya elimu ya vimeng'enya duniani. Urushi ukishakamaa, maji ya moto hayauwezi, wala pombe, wala asidi nyingi. Kabla haujakamaa, ukimgusa mtu ngozini humtoa upele na malengelenge yanayowasha kwa siku nyingi. Mafundi wengi hupitia adhabu hiyo wanapoanza kujifunza; wengine mwili huzoea, wengine hulazimika kuiacha kazi.

Sweden si mgeni kabisa kwa mti huu. Mwaka 1683 Engelbert Kaempfer, Mjerumani aliyesomea pia Uppsala, aliondoka Stockholm akiwa katibu wa ubalozi wa Mfalme wa Sweden kwenda Uajemi. Hakurudi na wenzake. Aliingia katika utumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki, akafika Japani mwaka 1690, na katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1712 akawaeleza wasomaji wa Ulaya habari za mti wa urushi. Linnaeus alipokuja kuipanga mimea ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliuweka mti huo wa Japani pamoja na mti mwingine wenye sumu wa Amerika ya Kaskazini chini ya jina moja, Rhus vernix. Ilikuwa mpaka mwaka 1812 ndipo mti wa Japani ulipopewa jina lake peke yake. Kati ya hao wawili anasimama mwanafunzi wa Linnaeus, Carl Peter Thunberg, aliyetia nanga Nagasaki mwezi wa Agosti 1775, akaishi Dejima, kile kisiwa kidogo cha kutengenezwa ambamo Wazungu walifungiwa kama kuku tunduni, na hatimaye akachapisha kitabu chake cha mimea ya Japani mwaka 1784.

Miaka 200 kamili baadaye, mwezi uleule wa Agosti, mwaka 1975, kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Hallonbergen kilifunguliwa. Hakuna uhusiano wowote kati ya matukio hayo mawili. Jina la mahali hapo maana yake ni vilima vya rasiberi. Majengo marefu ya makazi yalisimamishwa hapo katika manispaa ya Sundbyberg mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ya Sweden ilipokuwa ikijenga nyumba kwa kasi kubwa, na baadaye wakaja kuishi humo watu kutoka pembe nyingi za dunia, Pembe ya Afrika ikiwemo. Kuta za kituo wasanii Elis Eriksson na Gösta Wallmark walizipamba kwa michoro ya kitoto, mistari inayojikokota juu ya chokaa nyeupe. Ni vigumu kufikiria sanaa iliyo mbali zaidi na ile ya urushi, ambayo haimsamehe fundi hata chembe moja ya vumbi.

Namna urushi ulivyokutana na kalamu ya wino ni kisa cha karne ya ishirini, nacho kilianza kwa kasoro ya bidhaa. Kalamu za zamani zilitengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira wa miti uliochemshwa na salfa mpaka ukawa mgumu na mweusi kama mpingo. Weusi huo haudumu. Jua na jasho la mkono huufifisha, na baada ya miaka michache kalamu hugeuka rangi ya kahawia iliyochujuka. Ryosuke Namiki, aliyekuwa mhandisi wa meli kabla ya kufundisha katika chuo cha ubaharia cha Tokyo, alianzisha kampuni ya kalamu mwaka 1918 pamoja na mwenzake Masao Wada. Jina la Pilot, rubani aongozaye meli bandarini, limetoka katika ubaharia wao. Ilipofika mwaka 1925 kampuni hiyo ilikuwa imepata hataza ya njia ya kuipaka ebonaiti urushi, na kuiita Laconite. Lengo la kwanza lilikuwa kuuhifadhi weusi. Mapambo yalifuata, kwa kuwa katika nchi ambayo kwa zaidi ya miaka elfu moja watu walikuwa wakinyunyiza dhahabu juu ya urushi, kuacha uso mweusi uliong'arishwa bila picha kungekuwa ajabu.

Sanaa hiyo ya kunyunyiza huitwa maki-e. Fundi huchora kwa urushi wenyewe, kwa brashi ya nywele chache ndefu, jani au wimbi au bawa la korongo. Mchoro ukiwa bado unanata, hunyunyiza juu yake vumbi la dhahabu au fedha kwa kigogo chembamba kilichofungwa kitambaa kwenye ncha, akikigonga kwa kidole. Hapo kalamu huingia furo. Katika namna iliyo rahisi zaidi, picha hubaki juu ya uso na kulindwa kwa tabaka jembamba. Katika namna iitwayo togidashi, kalamu nzima hupakwa urushi mweusi tena, picha ikazikwa, kisha fundi husugua kwa makaa na maji hadi dhahabu ichomoze upya, ikiwa sasa imelala sawasawa na weusi unaoizunguka. Akisugua kidogo, picha hubaki gizani. Akizidisha, huifuta. Iko pia namna ya kuinua milima na mawe kwa matabaka, na namna ya kupachika vipande vya maganda ya konokono wa baharini vinavyomeremeta kijani na zambarau. Kung'arisha kwa mwisho hufanywa kwa unga laini na mafuta kidogo, mara nyingi kwa ncha ya kidole kitupu, kwani hakuna kitambaa kinachohisi kama ngozi. Kazi nzima huchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni kungoja.

Mwaka 1930 Namiki ilifunga mkataba na Alfred Dunhill wa London, muuza tumbaku na anasa, na kalamu hizo zikaingia katika maduka ya Ulaya na Marekani. Mwaka uliofuata liliundwa kundi la mafundi lililoitwa Kokkokai likiongozwa na Matsuda Gonroku wa Kanazawa, aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye mwaka 1955 alitangazwa mlezi wa urithi wa taifa la Japani. Na hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Kalamu zile zilitiwa saini. Kwa herufi nyembamba, mara nyingi nyekundu, kundi liliandika jina lake na fundi akaandika la kwake. Bidhaa ya kiwandani, ambayo mnunuzi wake huenda asijue kusoma hata herufi moja ya Kijapani, ilibeba jina la mtu aliyeketi na kuinyunyiza. Thamani ya kalamu hizo leo haitenganishwi na saini hiyo.

Pwani ya Waswahili ina kisa chake cha utomvu, lakini kisicho na saini. Sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi uliozama ardhini na kukaa humo kwa muda mrefu sana, ulichimbwa katika udongo mwekundu wa Mrima na kuuzwa Unguja. Mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na sandarusi ikawa miongoni mwa shehena zao kubwa pamoja na pembe za ndovu. Ilifika Salem ikiwa na ganda la mchanga. Kiwandani kwa Jonathan Whipple ilioshwa kwa magadi mpaka ikaonekana ngozi yake yenye vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, alama ya sandarusi bora. Kisha iliyeyushwa katika mafuta ya kitani ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani za sebuleni. Ile changa, iliyotoka mtini bila kukaa ardhini, pwani iliitwa chakazi, na masikio ya wafanyabiashara wa kigeni yakaligeuza neno hilo kuwa tusi la Kiingereza lenye maana ya punda dume.

Richard Burton, aliyepita Mrima mwaka 1857, alieleza jinsi wachimbaji walivyotoboa shimo jembamba kwa mti uliochongwa, kisha wakakwangua udongo kwa mkono mpaka pale mkono unapoishia. Kina cha shimo kilikuwa urefu wa mkono wa mtu. Burton aliandika bei, aina na vipimo, akalalamikia uvivu wa wachimbaji, akawataja kwa makabila yao. Sebule za Boston zilizong'aa kwa mikono hiyo hazikuwa na mahali pa kuandikwa jina.

Undugu wa pili uko karibu zaidi na urushi, kwa kuwa ni undugu wa damu. Mti wa urushi, mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Mafuta meusi ya ganda la korosho ni binamu wa urushioli, na mwanamke anayebangua korosho Mtwara au Lindi huungua vidole kwa sababu ileile inayomtoa upele mwanafunzi wa urushi. Hujikinga kwa majivu au kwa mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani waligundua kwamba mafuta hayo yanaweza kutengenezwa rangi inayofanana na urushi kwa bei nafuu, na mpaka leo huiita kashu, neno la Kiingereza la korosho lililopita katika kinywa cha Kijapani. Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua katika miaka ya 1970, vingi vikafungwa, na sehemu kubwa ya korosho yake imeendelea kusafirishwa nje ikiwa na maganda yake. Mafuta huondoka pamoja nayo.

Ingekuwa rahisi kuligawa jambo hili kati ya Japani inayotia saini na pwani isiyotia. Ukweli ni mgumu zaidi. Mkinga utomvu wa Joboji, katika mkoa wa Iwate, huuchanja mti wenye umri wa miaka 10 hadi 15 kuanzia Juni, kila baada ya siku chache, mpaka vuli. Mti mzima humpa takriban gramu 200 kwa msimu. Baada ya hapo huukata. Njia hiyo huitwa koroshi-gaki, kuchanja kwa kuua, na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia humo korosho, ingawa kufanana huko ni bahati tu. Naye jina lake haliko kwenye kalamu. Wala halipo la mkulima wa China, ambako hutoka zaidi ya tisa ya kumi ya urushi unaotumika Japani. Saini nyekundu huanza pale dhahabu inapoanza. Aliyeujaza mtungi utomvu, kama aliyeingiza mkono shimoni Mrima, amebaki nje ya kalamu.

Saini ndiyo hatua ya mwisho ya kazi, hata Hallonbergen. Fundi huiandika akiwa ameshika pumzi, kwa brashi ileile ya nywele chache, upande wa chini wa kalamu ambako mwandishi ataufunika kwa vidole. Urushi mwekundu huchelewa kukamaa na rangi yake huwa nzito na ya giza mwanzoni, kisha hung'aa taratibu kadiri miezi inavyopita. Kwa hiyo kalamu hairuhusiwi kutoka bado. Hurudishwa katika sanduku, kitambaa huloweshwa upya, na mfuniko hufungwa.