Chungu cha Lubunga na Chungu cha Kibanga

Sisi wa pwani hii, tangu Uvira hata Baraka na Fizi, tumesikia habari za lubunga ya Wabembe. Ndiyo baraza ya wanaume wa kijiji. Kila mama akiisha kupika alipeleka chakula huko: ugali, sombe, samaki. Mtu hakula cha mke wake peke yake; vyote viliwekwa katikati. Mzee mjane alishiba, mgeni alishiba, na kijana alisikia mashauri ya wakubwa huku mkono wake umo sahanini. (Wanawake walikuwa na jiko lao, nasi wanaume tunalisahau upesi tunapoisifu lubunga!)

Basi mfikirini mtoto wa siku za Rumaliza, mfanya biashara wa Ujiji, ambaye watu wake walivuka ziwa kuteka watu. Mtoto yule alipoteza mengi, na zaidi ya yote alipoteza wenzake wa kunawa nao mikono. Kulishwa alilishwa, maana mtumwa aliyekonda hauziki vizuri. Lakini nani alimwita, “Njoo tule”?

Mapadre Weupe walifika ziwani mwaka 1879. Mwaka 1880 walijenga Mulweba, upande wetu wa magharibi, na mwaka 1883 Kibanga, karibu na Ubwari. Huko waliwakomboa watoto kwa vitambaa. Watoto walitoka makabila mbalimbali, wengine hawakusikilizana hata neno moja. Wakalima pamoja, wakala pamoja, na Kiswahili kikawa lugha ya kuombea chumvi na ya kumwombea Mungu. Walipokua walioana, wakapewa mashamba, wakajenga kijiji. Watu wasio na babu mmoja wakawa majirani na wakwe.

Tusidanganyane: si wote waliotulia. Mapadre walitawala kama machifu, na wengine walitoroka. Mimi naona sababu yake si njaa. Lubungani, mwenye kula alikuwa na neno pia, hata akiwa maskini. Katika nyumba ya yatima, neno lilikuwa la mwenye kugawa chakula.

Hata hivyo, mwaka 1893 magonjwa yalipofanya Kibanga iachwe, si kila mtu aliyeshika njia yake. Wengi wakafuatana na Mapadre kwenda kusini, wakajenga upya huko Kirungu.